Njiwa wa Trafalgar

Miaka ile ya themanini, ukiwaambia wenzio London unakwenda uwanja wa Trafalgar Square, hakuna aliyemfikiria Admirali Nelson. Nelson alikuwa huko juu ya nguzo yake, mita zaidi ya 50, hana habari na mtu. Wenye uwanja walikuwa njiwa. Unanunua kikombe cha nafaka kwa mchuuzi, hujakifungua vizuri wameshakujaa mabegani, kichwani, mpaka kwenye mkoba, mabawa yanakupiga masikioni, kucha zinakwaruza shingo. Mwenzetu mmoja wa Pemba aliwatazama kwa uchungu. "Wallahi, hawa kwetu wangeshaingia kwenye nazi zamani!" Mimi nilisimama kando. Koti la baridi nilikuwa nalo moja tu, na njiwa hawana adabu.

Tulikuwa tukitokea Bush House, ilikokuwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, tukaifuata Strand kwa miguu, moshi wa mabasi mekundu puani. Kabla hujaingia uwanjani unawasikia waandamanaji wa kupinga ubaguzi wa rangi mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini. Walikesha pale usiku na mchana, mvua, theluji, tangu 1986 mpaka Mandela alipotoka gerezani mwaka 1990. Wakianza "Nkosi Sikelel' iAfrika", sisi Watanzania tunajikuta tumesimama wima kama watoto wa shule asubuhi, maana sauti ni ile ile ya wimbo wetu wa taifa. Wazungu wanatupita, wanashangaa: hawa nao wamepatwa na nini?

Nimerudi juzijuzi. Barabara ya kaskazini, mbele ya jumba la picha, ilifungwa mwaka 2003 wakajenga ngazi pana, na kusema kweli inapendeza, unakaa, unapumua. Simba wanne wa shaba wapo, watoto bado wanateleza migongoni mwao. Desemba mti wa Krismasi bado unatoka Norway, shukrani ya tangu vita vya Hitler. Lakini kulisha njiwa kumepigwa marufuku, mwaka ule ule wa ngazi. Siwalaumu, uchafu ule ulikuwa unakula mawe ya watu. Ila mchuuzi na vikombe vyake ndiyo basi tena, na ili njiwa wasirudi wakaajiri mwewe. Mwewe, ndugu yangu, na ajira London! Sisi tulizunguka mitaa ile ile tukiomba japo kuosha vyombo.