Alimfundisha Dogo Kamandi, Ikaja Kumuumbua Mwenyewe

Kuna jamaa mmoja fundi wa seva, ofisini wanamwita Bro. Alimfundisha dogo wake mengi, ila alichokisifia zaidi ni hiki: programu ikigoma, iendeshe ndani ya strace kwa -e trace=open, itakutajia kila faili inalofungua. Haijawahi kumdanganya.

Wakahamia seva mpya. Programu ya malipo ikagoma kusoma mipangilio yake, na mishahara inasubiriwa. Dogo akapiga kamandi ileile. Kimya! Mstari wa mwisho tu: exited with 1.

Bro akachungulia, akahukumu mbele za watu: "Hapa hakuna faili hata moja linaloguswa. We umeiharibu hii programu." Dogo akanyamaza. Uko kwenye majaribio, ubishane na nani?

Usiku akabaki peke yake, akaondoa kichujio, akaiacha strace imwage kila kitu. Mafaili yapo tele, ila yote yamepitia openat. Kumbe tangu glibc 2.26 ya Agosti 2017, programu ikiomba open, maktaba inapeleka ombi kwa openat. Kamandi ilikuwa inalinda mlango usiopitwa tena na watu, ndo maana wala haikulalamika. Akaandika trace=open,openat, kosa likajianika: programu inatafuta folda la seva ya zamani. ENOENT.

Asubuhi Bro akaisoma skrini mara mbili, ya pili taratibu.

"Nani kakuonyesha hii?"

"Si ileile yako, kaka. Nimeongeza neno moja tu."

Bro akatoka kwenda kuwaita walewale waliokuwepo jana.