Kutazama Nyumba Ngara

Mke wangu alinikataza mambo mawili kabla sijatoka Biharamulo: kubeba hela ya kutanguliza, na kumtajia dalali bajeti yetu. Nikaondoka na nauli, futikamba na daftari.

Sikuwa nimewahi kufika Ngara, ingawa ni wilaya jirani. Lusahunga tuliingia barabara kuu ya Rusumo, tukawa tunapishana na malori ya Rwanda na Burundi. Miaka ya nyuma mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwenye misitu hii. Sasa abiria wanasinzia. Benaco, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, tuliiacha njia ya Rusumo, tukashika ya Ngara mjini.

Nyumba ya kwanza ilinuka rangi mbichi. Nyumba inayouzwa ikipakwa rangi juzi, mimi huingiwa na wasiwasi. Nikazunguka nyuma, upande wa mlimani. Lipu ilikuwa imevimba, na nilipoigusa ikabanduka. Tofali za kuchoma za safu ya chini zilimomonyoka kwa kidole. Maji ya mvua yanateremka kutoka juu na kuishia kwenye msingi, mfereji hakuna. Dalali akasema hiyo ni kazi ya fundi ya siku moja. Kwa madalali kila kitu ni kazi ya siku moja.

Ya pili, kijijini nje kidogo ya mji, niliipenda. Vyumba vitatu, bati zima, choo safi. Mwenyewe akatoa karatasi ya mauziano aliyonunulia kiwanja.

“Mama yupo, mzee?” nikamuuliza.

“Yuko shamba. Haya tunayamaliza sisi wanaume.”

Nikafunga daftari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wakati natoka, nikamwamkia bibi wa jirani aliyekuwa akianika maharage.

“Marahaba, mwanangu. Amekuonyesha mpaka wapi?”

Nikamwonyesha. Akacheka, akanyoosha mkono kwenye mstari wa miti, hatua kadhaa ndani ya kile kiwanja.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya lolote aliomba kitambulisho changu cha NIDA, na alikuwa na haki: Ngara inapakana na nchi mbili, na kisheria asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Akaniambia pia kwamba ardhi ya kijiji haihamishwi kwa karatasi ya watu wawili. Lazima halmashauri ya kijiji iridhie.

Nawe ukienda, anzia kwa mwenyekiti na majirani, dalali afuate. Na nenda mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha.