Wimbo wa Nani?

Vijana wenzangu, tukisikia neno rimiksi tunadhani ni jambo lililoletwa na kompyuta. Wapi! Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliwaliza watu wa pwani kwa nyimbo ambazo nyingi mahadhi yake yalitoka kwenye filamu za Kihindi. Mahadhi yalitoka sinema, yakatiwa maneno ya Kiswahili yenye vina na mizani, yakaingia harusini. Nani aliyeona haya kuzicheza?

Mimi jambo hili lilinikaa kichwani nilipokuwa kidato cha nne. Shuleni kwetu kulikuwa na shindano la rimiksi. Kila kundi lilitakiwa kuchukua wimbo unaojulikana na kuugeuza. Kompyuta nzima zilikuwa mbili tu, tukawa tunapokezana saa moja moja baada ya masomo. Kundi letu tulikuwa wanne, na kazi yangu ilikuwa maneno.

Rafiki yangu alileta kanda ya taarabu ya bibi yake. Tukachukua kipande cha fidla, kama sekunde nane hivi, tukakizungusha, tukapunguza mwendo, chini tukaweka ngoma na besi. Juu yake niliandika habari za binti anayemngoja baba yake aliyekwenda machimboni akapotelea huko. Kwenye ubeti wa mwisho tulinyamazisha ngoma zote, ikabaki fidla peke yake. Ukumbi ulitulia tuli.

Kundi jingine lilichukua wimbo wa Marekani, mdundo ule ule, wakabadilisha maneno tu. Waliimba vizuri, sikatai. Lakini matokeo yalipotangazwa, wao wakaitwa wabunifu, na sisi tukaambiwa tumechukua wimbo wa mtu. Jamani! Kwani ule wa Marekani ulikuwa wa mti?

Zawadi ilikuwa madaftari na kalamu, hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni kile kipimo. Rafiki yangu aliirudisha kanda kwa bibi yake na hakuigusa tena. Mdogo wangu aliyebaki pale aliniambia kuwa mwaka uliofuata makundi yote yaliimba nyimbo za nje. Watoto walikuwa wamelielewa somo: cha kwetu ukikichukua ni wizi, cha ng'ambo ukikichukua ni ubunifu.

Hebu tazameni safari ya mdundo mmoja. Mwaka 1981 kundi la Queen na David Bowie, wote wa Uingereza, walitoa wimbo "Under Pressure". Mwaka 1990 kijana wa Marekani, Vanilla Ice, akavuma dunia nzima kwa "Ice Ice Baby", iliyojengwa juu ya besi ya wimbo ule ule. Ugomvi ukazuka, na mwishowe wenye wimbo wakaandikwa miongoni mwa watunzi. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, akautilia Kiswahili, na mpaka leo anatajwa miongoni mwa waanzilishi wa rap ya Kiswahili. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa wapi? Unguja, mwaka 1946. Yaani mdundo ulioimbiwa kwanza na mzaliwa wa Unguja ulizunguka Uingereza na Marekani, ukaja kutua Dar ukiwa na nguo mpya.

Sisemi kila mtu ajichukulie tu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mtunzi ana haki ya kula jasho lake. Ninachosema ni kwamba kipimo kiwe kimoja. Kabla ya kutoa maksi, kila kundi liulizwe maswali matatu mbele ya watu: wimbo huu ni wa nani? Mmechukua kipi? Mmeongeza nini chenu? Asiyeweza kujibu la kwanza hana heshima, na asiyeweza kujibu la tatu hana kazi, awe amechukua wimbo wa Tanga au wa New York.

Tukifanya hivyo, mwanafunzi ataweza kusimama jukwaani na kulitaja jina la mwimbaji wa bibi yake bila kuchekwa. Na zile kanda zinazolala kwenye masanduku ya bibi zetu zitapata watu wa kuzisikiliza kabla utepe haujakatika.