Maelezo ya Mtoto wa Jirani

Kwetu visiwani mtu akisema "fulani hawezi", huulizi hawezi nini. Unauliza kama amepata nafuu, kwani asiyeweza ni mgonjwa, na sentensi imekwisha. Dar es Salaam neno hilo peke yake huonekana limekatwa mkia: wasikilizaji husubiri kitenzi kinachofuata. Nilipata kuyafikiria haya kwa sababu ya karatasi aliyoniletea jirani yangu wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Ilitoka katika shule aliyokuwa akisoma mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka tisa, shule ambayo sitaitaja. Mistari yake ilikuwa mitatu, na ndani yake mlikuwa na "hawezi" nne: hawezi kutulia, hawezi kuandika, hawezi kuhesabu, hawezi kuchanganyika na wenzake. Vitenzi vimo vyote, wala hakuna kosa la sarufi. Hata hivyo mimi, kwa sikio langu la kisiwani, nilisikia mtoto akitangazwa kuwa mgonjwa mara nne.

"Mwalimu," aliniambia, "niandikie maelezo yake. Nataka kumpeleka shule yenye kitengo."

Huniita Mwalimu ingawa sijapata kusomesha darasa lolote, na langu mwenyewe liliishia la saba. Mengine niliyaokota katika vitabu vya mitumba. Shule alizokusudia haziko mbali. Ilala ipo Uhuru Mchanganyiko, ambako wasioona na wenye ulemavu wa akili husoma katika uwanja mmoja na wengine, na jina lake masikioni mwangu limekuja kubeba mengi kuliko wavulana na wasichana. Buguruni ipo shule ya viziwi, lakini huyu anasikia. Anasikia kupita kiasi, na ndiyo shida yenyewe. Daktari alikwisha kuandika neno: usonji.

Nilipochukua kalamu nikaona mama hakai sawa. Neno "maelezo" lilimtia wasiwasi, kwani mjini hapa maelezo ni yale unayoandikishwa polisi, ukatia dole gumba. Nilipomuuliza mahitaji maalumu ya mtoto, akaanza kunihesabia madaftari, viatu na begi. Si kwamba hakuelewa. Kariakoo mahitaji ni vitu vya kapuni: mchele, mafuta, sabuni. Lugha ya ofisi imeazima neno la sokoni ikalipeleka mbali, na mwenye soko halijui tena.

Niliwahi kukutana na neno hilohilo katika kazi ya tafsiri. Jamaa wa Unguja walioko Uingereza waliniletea hati ya mtoto wao, kurasa nyingi, niwafasirie. Huko tume iliyoongozwa na Mary Warnock ilishauri mwaka 1978 kwamba watoto wasigawanywe tena kwa majina ya vilema vyao, ila litazamwe kila mtoto anahitaji nini ili asome. Sheria ya mwaka 1981 ikaleta hati: halmashauri ikishaiandika, imejifunga. Haikuwa pepo. Mwaka 2005 Warnock mwenyewe aliukosoa mpango huo kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2014 ikaweka mahali pake mpango unaounganisha elimu, afya na huduma za jamii. Mimi nilichokipenda ni umbo lake. Sehemu moja ilisema mtoto anahitaji nini. Iliyofuata ilisema atapewa nini, na nani, saa ngapi kwa wiki. "Atasaidiwa" peke yake haikutosha.

Kwetu haki imo katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyokuja mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini karatasi ya kumhesabia mtoto mmoja saa zake za msaada, kwa jina lake, jirani yangu hakuwa nayo. Alikuwa na mimi na daftari la mistari.

Nikamwomba aache habari za shule, anisimulie siku ya mtoto. Mama huyu huuza nyanya na vitunguu. Mchana mtoto hukaa chini ya meza, mikono masikioni, kwani kila duka siku hizi lina kipaza sauti kinachorudia bei ileile tangu asubuhi hadi magharibi. Usiku, taa ikizimwa, huzisema bei zote kwa mpangilio wa maduka, kutoka kona hadi kona. Huyapanga mafungu ya nyanya tano tano, wala hakosei. Mteja akichomoa moja katikati, hulia.

"Sasa huyu ndiye hawezi kuhesabu?" nikauliza.

"Usimsifu sana, Mwalimu," akajibu. "Watasema hana shida, arudi alikotoka."

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na sidhani kama shairi lolote nililoandika lilinibana namna ile. Ukililia sana, mlango unafungwa: mtoto ni mzigo, shule haina walimu. Ukisifu sana, mlango unafungwa vilevile: anajiweza huyu, nafasi apewe mwingine. Mshairi huzoea kuchagua upande mmoja wa mzani, akasifu au akaomboleza. Hapa kila sifa ilibidi iandamane na hitaji lake. "Huhesabu kwa vitu vilivyopangwa mbele yake, anahitaji vitu kabla ya tarakimu." "Hushika anachosikia kwa mpangilio. Anahitaji kuambiwa mapema kitakachofuata."

Liko jambo mama hakutaka niliandike kabisa. Mtoto huwa anakimbia. Akiogopa watamkataa. Nami niliogopa wasipojua watampoteza, kwani lango la shule likiwa wazi, barabarani ni hatua chache. Tukavutana hadi adhana ya alasiri. Kilichotupatanisha ni kiambishi. "Hukimbia" ni neno zito: hu- ya mazoea haina hata kiambishi cha mtenda, hubandika tendo kwa mtu kama rangi ya ngozi yake. Nikamuuliza amekimbia mara ngapi mwaka huu. Mara mbili, akasema. Zote mbili vipaza sauti vilipofunguliwa ghafla karibu yake, na mara ya pili alionekana Mnazi Mmoja, amekaa kivulini kwa utulivu. Basi tukaandika hivyo: "Mwaka huu alikimbia mara mbili, mara zote kwa kelele za ghafla, akaenda mahali palipo kimya. Anahitaji kona tulivu, lango lililofungwa, na mtu mzima mmoja anayejua alipo." Mama akaniomba nimsomee tena, kisha akasema, "Hiyo ni kweli."

Kiswahili kina ukali wake kwa watu hawa. Kiziwi, kipofu, kilema: tumewaweka katika ngeli moja na kiti na kisu. Lakini tazama kitenzi kinapofika: kiziwi amekuja, si kimekuja. Jina limemshusha, upatanisho umemwinua. Nilipokuwa nikiandika nilijaribu kuegemea vitenzi, nayo majina niliyatumia kwa uchache: usonji mara moja tu, kwa sababu daktari aliuandika na ofisi itautafuta.

Tukaenda kuichapa katika stesheneri ya Mtaa wa Msimbazi. Kijana wa hapo, kwa nia njema, akaona "mtoto mwenye usonji" hakujakaa vizuri, akachapa "mtoto mgonjwa wa usonji". Nilipokuwa nikisoma kwa sauti mama akanishika mkono.

"Si mgonjwa. Futa."

Kijana akafuta, akachapa upya, nakala tatu, na ile iliyoharibika hakututoza. Barua ikapelekwa Jumatatu. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa mdomo, kupitia mwalimu wa kitengo: mtoto aletwe Alhamisi saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya kengele, shule ikiwa bado kimya.