Pumzi Moja, Sauti Mbili



Neno la leo ni lako wewe unayepiga vyombo kanisani, na wewe unayeketi kusikiliza.

Ukiishi Mji wa Kale hapa Mombasa, nzumari ya arusini unaijua. Mpigaji hujaza mashavu, na sauti yote hutoka kwa pumzi yake. Sasa kijana mmoja wa timu yetu ya sifa anapiga EWI, chombo cha umeme cha kupuliza alichobuni Mmarekani Nyle Steiner, na ambacho kampuni ya Akai ilianza kukiuza 1987. Watu wakamwambia, "Hicho ni kinanda tu, unajifanya kupuliza." Akavunjika moyo, akataka kukiweka chini.

Mpendwa, kabla hujasema, elewa. Ndani ya EWI mna kitu kinachopima nguvu ya pumzi. Kipimo hicho hupita kwenye waya kwa MIDI, lugha ya vyombo vya umeme tangu 1983. EWI nyingine zina sauti ndani yake. Ya kijana huyu haina, husikika kupitia sinthesaiza. Ndiyo maana pumzi yake moja inaweza kuamsha sinthesaiza mbili pamoja: moja ya filimbi, nyingine ya nyuzi.

Lakini kuunganisha si kurundika! Wewe mpigaji, sikiliza kila sauti peke yake kwanza. Zilinganishe ziwe tyuni moja. Kisha hakikisha zote mbili zinaitii pumzi. Filimbi ikinyamaza nyuzi zikaendelea kunguruma, huo ni ukuta, na mwimbaji wako amefunikwa. Punguza sauti ya nyuzi, fupisha mkia wake, zipange ziingie pale tu unapopuliza kwa nguvu. Wimbo ukiwa wa utulivu, bakiza filimbi peke yake.

Katika 1 Wakorintho 14:7 Paulo anatoa mfano wa filimbi na kinubi: sauti zisipopambanuka, msikilizaji hatajua kinachopigwa. Hajali wingi wa sauti. Anajali kama umeelewa.

Nawe unayesikiliza, Jumapili hii fanya jaribio dogo. Mtazame kijana anapovuta pumzi. Je, sauti nayo inapumzika? Akipuliza taratibu, inashuka? Basi umesikia pumzi ya mtu, hata kama imepita kwenye waya.

Ukimwona baada ya ibada, mwambie asikiweke chini.