Baada ya Kutoka Safinani

Aroi, Arua

Mpwa wangu mpendwa,

Swali lako limenifikia, nami nimelikalia siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Umepewa kuongoza somo la Mwanzo sura ya 8 na ya 9 kwa vijana wenzako hapo Koboko, na unaniuliza kama haingekuwa heshima kuishia kwenye upinde wa mvua, mahali ambapo wengi huishia, ili usiwasomee vijana habari ya mzee aliyelewa akalala uchi hemani mwake. Usiishie hapo, mpwa wangu. Ukikata habari kwenye upinde umewapa nusu ya Neno, na nusu uliyoiacha ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa West Nile, kwa sababu sisi ni wazao wa watu waliokwisha kutoka safinani.

Anza na neno lenyewe. Katika Kiswahili, mtu aliyenusurika maji tunasema ameokoka, na mtu aliyempokea Kristo tunasema vile vile ameokoka. Mtume Petro, katika sura ya 3 ya waraka wake wa kwanza, naye anayaunganisha hayo mawili anapofananisha maji ya gharika na ubatizo. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu aliyeokoka anakutana na nini baadaye, hakuna pa kutazama pazuri kuliko maisha ya Nuhu baada ya maji kukauka. Sasa weka kidole kwenye mistari miwili. Sura ya 6 mstari wa 5, Mungu anautazama moyo wa mwanadamu na kuona kwamba mawazo yake ni mabaya siku zote. Hiyo ndiyo sababu ya gharika. Kisha fungua sura ya 8 mstari wa 21. Dunia imeoshwa, waovu wamekwisha, moshi wa sadaka ungali unapanda, na Mungu anasema jambo lile lile juu ya moyo ule ule: una ubaya tangu ujana. Maji yalifika juu ya vilele vya milima yote lakini hayakufika moyoni. Na ajabu ya neema ni kwamba safari hii ubaya huo unatajwa pale pale Mungu anapoahidi kutoiangamiza dunia tena. Aliahidi huku akijua vizuri ni watu wa namna gani waliotoka ndani ya chombo kile.

Hesabu siku pia, maana mwandishi wa Mwanzo amezihesabu kwa makusudi. Nuhu aliingia safinani tarehe 17 ya mwezi wa pili, na nchi ikakauka kabisa tarehe 27 ya mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Mwaka mmoja na siku chache. Baada ya hapo aliishi miaka 350. Tunahubiri sana juu ya ule mwaka mmoja, na ile miaka 350 tunairuka. Tazama tena sura ya 8 mstari wa 13: siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza Nuhu aliondoa kifuniko cha safina akaona uso wa ardhi umekauka, lakini alikaa ndani karibu miezi miwili zaidi, mpaka Mungu alipomwambia atoke. Jirani zako Wakongomani waliokimbilia Lobule, na ndugu wa Sudan Kusini waliojaa Bidi Bidi tangu kambi ilipofunguliwa Agosti 2016, wakazidi 250,000 kabla ya mwaka huo kwisha, wanaielewa mistari hiyo bila mhubiri. Kuiona ardhi ya kwenu kwa mbali na kuikanyaga ni mambo mawili tofauti. Wenyeji wa huku waliowagawia mashamba walikumbuka kwamba wao pia waliwahi kukaa upande wa pili wa mpaka wakingoja.

Basi Nuhu akatoka. Kitu cha kwanza alichojenga ni madhabahu, na hapo hatuna neno. Cha pili alichokifanya ni kulima, nalo ni jambo jema. Alipanda mizabibu, nayo ikazaa, akanywa, akalewa. Angalia ni wapi alipoanguka. Katika kizazi kilichojaa jeuri alisimama peke yake, na kule majini katikati ya kelele na harufu za wanyama alivumilia. Alianguka amani ilipokuja, ndani ya hema lake mwenyewe, kwa mavuno ya shamba lake mwenyewe. Wapo wanaomtetea kwamba hakujua nguvu ya divai kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kupanda mizabibu. Huenda. Mwandishi mwenyewe hamkemei, nami sitamkemea. Lakini utetezi huo unazidi kunitia hofu, maana unasema amani huja na vitu ambavyo dhiki haikutufundisha kuvipima.

Nasema hivi nikiitazama nchi yetu. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia mwaka 1980 jeshi jipya lilipokuja na kisasi chake, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu yasiyohesabika. Walioshindwa kwenda mbali walijibanza kwenye misheni, na tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia pale Ombaci, ndani ya uwanja wa misheni ya Wakatoliki. Hiyo ilikuwa gharika yetu. Katika miaka iliyofuata watu wakarudi kwenye viwanja vilivyomezwa na majani, wakajenga makanisa kabla ya kumaliza kujenga nyumba zao, wakapanda mihogo, mtama na tumbaku. Madhabahu kwanza, kisha shamba. Ni habari ya kumshukuru Mungu. Lakini tazama kilichoingia mlango uleule. Pombe ya kwete ambayo ilikuwa ya kuitia watu kwenye kazi ya shamba, ikinywewa kwa kibuyu kinachozunguka wakati wa jioni, ikapisha waragi ya kununuliwa asubuhi. Vikaja viroba ambavyo mtoto wa shule angeweza kuvificha kwenye soksi, mpaka serikali ikavipiga marufuku mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania kufanya hivyo. Vijana waliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza wanaangushwa na kitu ambacho wazazi wao hawakukikimbia, kwa sababu hakikuwa na sare wala mlio. Ukiwafundisha vijana wako kwamba hatari ya Mkristo ni mateso tu, utakuwa umewaacha bila mlinzi mahali Nuhu alipoanguka.

Sasa tuje kwa wana wake. Hamu aliona, akawaambia ndugu zake waliokuwa nje. Dhambi yake yote iliyoandikwa imo katika vitenzi hivyo. Wapo waliotafuta humo jambo kubwa zaidi na la aibu zaidi, lakini maandiko hayalisemi, na mwalimu asiseme pale maandiko yaliponyamaza. Dawa waliyoifanya ndugu zake inatuonyesha ugonjwa ulikuwa nini. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaitandaza mabegani mwao wote wawili, wakaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, nyuso zimeelekea mlangoni, wakaishusha juu ya baba yao bila kumwona. Fikiri kazi iliyomo katika kutembea hivyo. Hujui kigingi kiko wapi, hujui mguu wa mzee uko wapi, na huwezi kuifanya peke yako kwa sababu nguo ina pembe ya pili inayohitaji bega la mwenzako. Kutangaza kunahitaji mdomo mmoja, na siku hizi simu moja. Kufunika kulihitaji watu wawili waliokubaliana kutotazama.

Hapo utapingwa, na ni haki upingwe. Kijana mwenye akili atakuuliza: mwalimu, hiyo si ndiyo njia ambayo wakubwa hufunikiwa maovu yao, hata makanisani? Mchungaji akila sadaka tumtandazie nguo? Askari wa Ombaci nao tuwafunike? Usimkatize. Mjibu kwa sura ile ile ya 9. Kabla ya habari ya nguo, katika mstari wa 5 na wa 6, Mungu anasema ataidai damu ya mwanadamu, ataidai kwa mnyama na kwa mtu, kwa sababu mwanadamu ameumbwa kwa mfano wake. Damu haimo katika vitu vya kufunikwa. Nguo ile ilifunika aibu ya mtu aliyejidhuru mwenyewe; haikufunika jeraha la mtu mwingine. Aliyelewa mfunike, kisha umsaidie kuacha. Aliyepiga, aliyeiba, aliyenajisi, huyo kuna mtu anayelia nje ya hema, na ukimfunika mkosaji umemfunika mdomo anayelia. Ndiyo maana wafu wa Ombaci lazima waombewe kwa sauti na habari yao isimuliwe. Na angalia, Biblia yenyewe haikuficha ulevi wa Nuhu. Imeuandika, tunausoma hadi leo. Wana wawili walikataa kuufanya mchezo, hawakukataa kwamba ulitokea. Kati ya kukiri jambo na kulichezea kuna nafasi pana, na Mkristo anatakiwa ajifunze kusimama hapo.

Upinde nao ni sehemu ya hoja hii, wala usiufanye pambo la ukutani. Kiswahili kinatusaidia tena: upinde wa mvua ni upinde, silaha ile ile ambayo babu zetu wa huku walipigia mishale. Mungu anasema ameuweka upinde wake winguni. Mwenye nguvu zote ndiye wa kwanza kutundika silaha, tena katika maneno yake neno agano linatajwa mara saba, na agano hilo linawahusu ndege na mifugo na kila kilichotoka safinani. Wapiganaji waasi wa UNRF II walipotia sahihi mapatano na serikali pale Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, nao walitundika upinde. Walijua kama sisi tunavyojua kwamba mioyo haikubadilika siku hiyo. Agano huwekwa kwa sababu hiyo hasa, kuizuia mikono wakati mioyo ingali na safari.

Nimebakiza laana, na hapa nataka uwe mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Fungua Biblia uone: Nuhu hasemi hata neno moja lililoandikwa tangu anapotajwa mara ya kwanza. Anaagizwa kujenga, anajenga kimya. Anaingia, anatoka, anatoa sadaka, kimya. Maneno yake ya kwanza na ya mwisho tuliyo nayo ni yale aliyoyatoa alipolevuka, nayo yanaanza na laana, na laana ile haikumwangukia Hamu aliyekosa bali Kanaani, mjukuu. Sisi wazee wa Kilugbara tunapaswa kutetemeka hapo. John Middleton, mtafiti aliyeishi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapa kitabu chake Lugbara Religion mwaka 1960, alieleza jinsi mzee wa ukoo mwenye uchungu moyoni alivyoweza kuwaita wafu wamletee ugonjwa kijana asiye na adabu, na jinsi uwezo huo ulivyogeuka silaha ya wazee kushindania ukubwa. Mamlaka ya mzee ni kitu halisi, siyadharau. Mimi mwenyewe nakuandikia kwa mamlaka hayo. Lakini mzee anayelaani akiwa na aibu yake mwenyewe mdomoni hurithisha uchungu kwa watoto ambao hawakuwepo hemani. Ugomvi wa mipaka ya mashamba unaowatenga watoto wa babu mmoja hapa Aroi mara nyingi una neno la namna hiyo chini yake.

Na wako waliolichukua neno la Nuhu wakalitupa juu ya watu weusi wote. John Hanning Speke, yule aliyeitafuta chemchemi ya Nile, aliirudia katika kitabu chake cha mwaka 1863 hadithi kwamba Mwafrika anabeba laana ya Hamu, na wazo la jamii bora na jamii duni lililomo katika kitabu hicho lilikua hata likafikia kumwaga damu Rwanda. Vijana wako wakiuliza, wapeleke kwenye maandishi. Sura ya 9 mstari wa 1, Mungu mwenyewe alikwisha kumbariki Nuhu pamoja na wanawe, Hamu akiwamo. Sura ya 10 mstari wa 6, wana wa Hamu ni wanne, na Kushi, ambaye jina lake ndilo la nchi ya kusini mwa Misri, hakulaaniwa na mtu yeyote. Mkushi ndiye aliyemvuta Yeremia kutoka shimoni kwa kamba na matambara, na mtu wa nchi hiyo hiyo ndiye ambaye Filipo alimbatiza njiani. Tena usiishie kwa Kushi, kana kwamba tumeponyoka sisi na Kanaani mwache na lake. Wapeleke Mathayo sura ya 15. Mwanamke anayelia nyuma ya Yesu kwa ajili ya binti yake, ambaye wanafunzi wanataka afukuzwe, Mathayo anamwita Mkanaani. Na ndiye ambaye Bwana alimwambia kwamba imani yake ni kubwa, na binti yake akapona saa ile ile.

Soma sura zote tatu, ya 8, ya 9 na ya 10, kwa sauti, kabla hujaanza kufundisha, na uwape vijana nafasi ya kupinga. Msalimie mama yako, na mchungaji wako pia.

Ni mimi mjomba wako.