Uvimbe Unaojichimbia Mifereji

Katika daftari la kamati ya msikiti wetu upo ukurasa wa michango ya matibabu. Presha huandikwa presha na kisukari huandikwa kisukari, lakini mzee wa kiume akiugua tezi dume huandikiwa “maradhi ya chini”, basi. Mwaka jana jina la baba yangu mdogo liliingia katika ukurasa huo, naye akaniagiza niandike ugonjwa kama ulivyo: saratani ya tezi dume, iliyokwisha kufika mifupani.

Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Muscat, alituma ujumbe kwamba ipo dawa inayoukata uvimbe damu ukafa kwa njaa, na kwamba kipo kipimo cha protini cha kuonyesha wingi wa mishipa ndani ya uvimbe. Akataka kiwanja kiuzwe. Mama mdogo alinyamaza, kwa kuwa kiwanja hicho ndicho akiba pekee ya nyumba ile.

Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuo cha dini. Hata hivyo kusoma nimefundishwa, nikasoma, na jambo lenyewe ni la ajabu. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, alieleza kuwa uvimbe hauwezi kukua zaidi ya milimita moja au mbili bila kupata mishipa yake wenyewe ya damu. Seli zilizo mbali na damu hukosa oksijeni, nazo hutoa protini iitwayo VEGF. Protini hiyo huifikia mishipa ya jirani, na mishipa huchipua matawi kuelekea uvimbe, mithili ya mkulima anayechepusha maji ya mfereji wa wote yaingie shambani mwake. Wengi hawakumwamini Folkman kwa miaka mingi.

Ili kuihesabu mishipa hiyo, wataalamu wa maabara hukata kipande chembamba mno cha uvimbe, wakakipaka kingamwili zinazonasa protini za seli zilizotandikwa ndani ya mshipa, kama CD31 na CD34. Vimishipa hujitokeza kwa rangi chini ya hadubini. Mwaka 1993 Noel Weidner na wenzake walichapisha kwamba, katika saratani ya tezi dume, uvimbe uliokwisha kusambaa ulikuwa na vimishipa karibu maradufu ya ule usiosambaa. Nilipofika hapo nilidhani ndugu yangu wa Muscat amepata hoja.

Nilisoma zaidi. Dawa ya kuizuia VEGF, bevacizumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa tezi dume ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,050 ambao saratani yao ilikuwa imeshinda tiba ya homoni, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Wote walipewa dawa za saratani za kawaida. Nusu wakaongezewa bevacizumab, nao waliishi wastani wa miezi 22.6, wasioongezewa, miezi 21.5. Tofauti hiyo wataalamu hawakuihesabu kuwa ushahidi. Tena vifo vilivyoletwa na tiba yenyewe vilizidi upande wa walioongezewa.

Nilifuatana na baba mdogo kwa daktari, simu ikiwa wazi ili mwanawe asikie. Daktari alisema kuhesabu mishipa ni kazi ya utafiti na hakubadili tiba ya mgonjwa huyu. Linaloongoza tiba ni alama za Gleason, kipimo cha PSA na mahali ugonjwa ulipofika. Akaeleza tiba ya kuizimisha homoni ya kiume, njia iliyogunduliwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941. Hakuficha kwamba huupunguza nguvu ugonjwa kwa muda na haiuondoi.

“Basi kiwanja kibaki,” akasema baba mdogo. Simu ikawa kimya kitambo, kisha tukasikia, “Naam, baba.” Sikuona ubishi katika sauti ile. Mtoto aliye mbali, ambaye hawezi kumshika mzazi mkono, hutafuta kitu cha kununua.

Mzee alibakiwa na swali moja: sindano hii ya kila miezi mitatu ikiangukia mwezi wa Ramadhani, itamfunguza? Daktari akanitazama. Nikamjibu kwamba kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Akakunja mkono wa kanzu.